Siku ya Mwaka: Sherehe ya kale ya Mombasa inayoishi kwa hesabu ya siku

MWEZI wa Julai ni miongoni mwa miezi ya baridi zaidi katika kisiwa cha Mombasa, ingawa mgeni kutoka Limuru angecheka kusikia neno baridi likitumiwa huko. Ni kipindi cha kipupwe. Upepo wa kusi huvuma kwa nguvu, bahari huchafuka nje ya mwamba, na wazee wa Mji wa Kale hutafuta shuka nzito wanapotoka kwenda kuswali alfajiri. Ni katika majira haya ambapo siku hizi huangukia Siku ya Mwaka, sherehe ya kale kuliko karibu kila jengo lililosimama katika vichochoro vya mji huo.

Sherehe hiyo hujulikana kwa majina kadhaa. Wengine huiita Nairuzi, neno lenye asili ya Kiajemi linalomaanisha siku mpya. Katika Makunduchi, kusini mwa Unguja, huitwa Mwaka Kogwa, neno kogwa likiwa na maana ya kuoga. Mombasa jina lililozoeleka ni Siku ya Mwaka, na mkesha wake huitwa kibunzi. Kwa kuwa siku ya Waswahili huanza jua linapotua, mambo ya Mwaka huanza tangu magharibi ya kibunzi, wala si usiku wa manane kama ilivyo katika mwaka wa Kizungu.

Sherehe hii haimo katika orodha ya sikukuu za kitaifa nchini Kenya, na vijana wengi waliozaliwa Mombasa hawawezi kutaja tarehe yake. Si ajabu, kwa kuwa haina tarehe moja ya kudumu. Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kwanza kuielewa kalenda iliyoizaa.

Waislamu wa pwani hufuata mwaka wa mwezi, wenye siku 354 au 355, katika mambo ya dini. Ramadhani, Mfunguo Mosi, Maulidi na Idi hupatikana kwa kuandama kwa mwezi. Mwaka huo hutangulia misimu kwa takriban siku 11 kila unapozunguka, hivi kwamba Ramadhani huweza kuangukia masika, kisha kaskazi, kisha vuli, na kurudi palepale baada ya miaka 33 hivi. Mkulima hawezi kuutegemea kupanda mtama, wala nahodha hawezi kuutegemea kung'oa nanga.

Ndiyo maana watu wa pwani waliweka kando yake hesabu ya pili, inayofuata jua. Hesabu hiyo huanza na Siku ya Mwaka na huwa na siku 365 kamili. Siku hizo hugawanywa katika mafungu ya kumi kumi yanayoitwa miongo. (Leo neno mwongo limebaki kumaanisha miaka 10, na msomaji wa sasa akisikia kwamba mvua inatarajiwa katika mwongo fulani huenda akakata tamaa, lakini katika hesabu hii mwongo ni siku 10 tu.) Miongo 36 hufanya siku 360, na siku 5 zinazobaki huwekwa mwishoni ili kuutimiza mwaka. Mpangilio wa siku 5 za nyongeza hupatikana pia katika kalenda ya kale ya Uajemi, jambo ambalo, pamoja na jina lenyewe la Nairuzi, huwafanya wanahistoria kuihusisha hesabu hii na biashara ya bahari kati ya Ghuba na Afrika Mashariki.

Haikuwa hesabu ya kijijini pekee. Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa Kiarabu wa karne ya 15, na Sulayman al-Mahri aliyemfuata katika karne ya 16, walizitaja nyakati za kusafiri katika Bahari ya Hindi kwa kutumia siku ya kadha wa kadha ya Nairuzi. Nahodha aliyetia nanga katika bandari ya Mombasa na mkulima aliyekuwa na shamba Kisauni au Likoni waliweza kusema siku ileile kwa nambari ileile.

Kasoro ya hesabu hii ni ndogo, lakini haikomi. Jua halikamilishi mzunguko wake kwa siku 365 kamili. Hubaki takriban robo ya siku. Kalenda ya Kizungu huirekebisha robo hiyo kwa kuongeza siku moja katika Februari kila baada ya miaka minne. Hesabu ya Mwaka haiongezi chochote. Matokeo yake ni kwamba Siku ya Mwaka hurudi nyuma kwa siku moja katika kila miaka minne, yaani siku 24 au 25 katika karne moja.

Katikati ya karne ya 19 siku hiyo iliangukia mwishoni mwa Agosti. Wakati huo ndio wa demani, kusi inapopungua ukali na majahazi kuweza kutweka tanga kuelekea Arabuni na Ghuba. Mwaka ulifunguka pamoja na bahari. Leo siku hiyo huangukia Julai, bahari ikiwa bado imefungwa, na polepole inaelekea Juni. Itachukua takriban miaka 1,500 kuzunguka misimu yote na kurudi ilipoanzia. Waparsi wa Bara Hindi, ambao asili yao ni Uajemi, wanalo tatizo hilohilo: kundi lao la Kadmi husherehekea mwaka mpya katikati ya Julai, na wengi wao, wa kundi la Shahenshahi, katikati ya Agosti, kwa sababu nao hawaongezi ile siku ya robo nne.

Waliojua hesabu walilielewa jambo hilo na kulipa nafasi yake. Walioishi miaka mingi walikumbuka kwamba mvua iliyokuwa ikianza katika mwongo fulani enzi za babu zao sasa huanza mwongo unaofuata. Kazi hiyo ilihitaji watu: walimu, manahodha na wakulima wazee ambao hawakuiacha hesabu ipotee hata siku moja, wakampokeza mtu mwingine kabla ya kufa.

Kuhusu mambo yaliyofanywa siku yenyewe, maandishi ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 yanakubaliana katika mengi. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Kianglikana Unguja, aliieleza katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichochapishwa 1870. Watu walioga baharini alfajiri, hasa wanawake. Kisha chungu kikubwa kilitiwa nafaka na jamii ya kunde, vikapikwa pamoja, na ilipofika adhuhuri kila aliyefika aligawiwa. Moto wote wa nyumbani ulizimwa na kuwashwa upya kwa kupekecha vijiti. Steere aliongeza jambo la kutisha: kwamba zamani uovu uliotendwa siku hiyo, hata mauaji, haukuulizwa, na wenye visasi waliingoja. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo naye aliugusia Mwaka katika maelezo yake ya desturi za Waswahili, yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903.

Mapigano ya migomba ya Makunduchi, ambapo wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa makuti na mashina laini ya migomba huku wanawake wakiimba, yanaonekana kuwa mabaki ya siku hiyo ya kutoa kinyongo. Kibanda cha makuti huchomwa moto, na sherehe huendelea kwa siku nne. Hakuna mahali pengine pwani ambapo Mwaka umebaki na uhai wa namna hiyo.

Mombasa ilikuwa na sura yake. Hapa, kama Lamu, kiini kilikuwa ng'ombe. Fahali alizungushwa mji kwa dua na visomo, kisha akachinjwa, nyama ikapikwa na kuliwa na wote. Mtafiti P.J.L. Frankl, aliyechapisha makala maalumu kuhusu Siku ya Mwaka ya Mombasa mwaka 1993, ni miongoni mwa wachache walioliandikia jambo hili kwa kirefu. Anayeujua Mji wa Kale anaweza kukisia uzito wa mzunguko huo: kitendo cha kuupigia mji mpaka usioonekana, ili maradhi, njaa na husuda vibaki nje.

Mji wenyewe haukuwa na umoja wa kuzaliwa nao. Wenyeji wa Mombasa hujiita Thenashara Taifa, na taifa hizo 12 zimegawanyika makundi mawili. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wapaza, Washaka, Wagunya na Wakatwa. Tatu Taifa, au Miji Mitatu, ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Kila kundi lilikuwa na mkuu wake aliyeitwa tamimu, na ushindani wao ulitokea katika siasa, mashairi na ngoma. Mji wa namna hiyo unapochinja ng'ombe mmoja na kula nyama yake, hilo si jambo dogo.

Jina la Shehe Mvita, anayetajwa katika simulizi kuwa mwasisi wa mji wa Kiislamu baada ya utawala wa malkia Mwana Mkisi, limefungamana na mila hizo, na ndilo linalobebwa hadi leo na eneo bunge la Mvita. Upande wa pili wa kisiwa, Mbaraki, upo mnara wa mawe ambao wataalamu huukadiria kuwa wa mwaka 1700 hivi. Kwa vizazi vingi watu walipeleka huko ubani na marashi ya mawaridi wakiamini ni makao ya pepo, na hapohapo ubavuni pana msikiti, uliofufuliwa katika karne ya 20 baada ya kuwa gofu. Dini na mila ziliishi ukuta kwa ukuta, wala majirani hao hawakuwa wakipatana daima.

Upinzani wa kidini dhidi ya desturi za aina hii si wa jana. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi kifo chake mwaka 1947, alitumia magazeti yake, Sahifa la mwaka 1930 na Al-Islah lililoanza 1932, kuwakemea Waislamu wa pwani kwa uzushi na matumizi ya anasa katika sherehe. Hoja ya wafuasi wa mkondo huo ni nyepesi kuelezwa: Uislamu una Idi mbili, na kinachozidi hapo kinahitaji dalili. Watetezi wa Mwaka hujibu kwamba kilichosomwa mbele ya ng'ombe ni Kurani, na kilichogawiwa baadaye ni sadaka.

Hata hivyo, ni vigumu kuamini kwamba mahubiri pekee ndiyo yaliyoudhoofisha Mwaka. Maulidi pia yamepingwa kwa miongo (ya miaka, safari hii), na bado husomwa. Kuvunja jungu, karamu ya mwisho wa Shaabani ambapo familia za Mombasa hula na kustarehe kabla ya kuingia mfungo, hakuna aliyeitunukia fungu la serikali, lakini kila mwaka hufanyika. Tofauti ni kwamba sikukuu hizo zimefungwa kwenye kalenda ambayo kila mtoto wa chuoni anaijua. Mwaka ulifungwa kwenye hesabu ambayo kazi yake imekwisha. Majahazi ya Ghuba yalipopungua katika bandari ya kale, injini zilipochukua nafasi ya tanga na redio kutangaza hali ya hewa, hakuna aliyehitaji tena kujua kwamba leo ni siku ya 97.

Mfano kama huo upo mbali kabisa na hapa. Katika rasi ya Oga, mkoa wa Akita kaskazini mwa Japani, wanaume huvaa vinyago na majani makavu ya mpunga, wakaingia nyumba hadi nyumba kwenye theluji kuwatisha watoto wavivu na kuwaombea wenye nyumba heri. Mila hiyo, iitwayo Namahage, pamoja na nyingine za jamii yake, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2018. Zamani ilifanyika katika mwaka mpya mdogo, usiku wa mwezi mpevu wa kwanza. Japani ilipoanza kutumia kalenda ya Kizungu mwaka 1873, mwezi mpevu uliacha kuwa alama ya tarehe, na hatimaye Namahage ikahamia Desemba 31. Ilisalimika kwa kubadilisha kalenda.

Siku ya Mwaka nayo ingeweza kupewa tarehe ya kudumu, tuseme Julai 16, ikachapishwa katika vijitabu vya watalii. Hapo itakuwa sherehe rahisi kupangia mahema na wageni wa heshima. Lakini haitakuwa Nairuzi tena, kwa sababu Nairuzi ni ile siku inayoteleza.

Kuihifadhi hesabu hiyo hakuhitaji fedha nyingi wala chombo. Siku 365 ni majuma 52 na siku moja, kwa hiyo kila Mwaka huangukia siku ya juma inayofuata ile ya Mwaka uliopita, bila kuruka hata mara moja. Wazee waliuita mwaka kwa siku hiyo, Mwaka Jumatano, Mwaka Alhamisi, Mwaka Ijumaa, na wengine wakabashiri kwayo mvua na mavuno. Aliyekumbuka kwamba wa safari iliyopita ulikuwa Jumatano alijua, bila kumuuliza mtu, asubuhi ya Alhamisi ipi ashuke ufukoni na watoto wake.