Aliyekupa ruhusa akinyang'anywa

Wasomaji wangu, leo tuachane kidogo na siasa tuongelee historia ya ruhusa, zile za ndani ya kanzidata. Msidhani ni mambo ya mafundi wa kompyuta peke yao. Mshahara wako, deni lako la benki, majibu yako ya hospitali, vyote vimekaa kwenye jedwali fulani, na kuna mtu kaamua nani asome na nani abadilishe.

Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alitoa wazo la kupanga data katika majedwali yanayohusiana. Baadaye wenzake wa San Jose, California, wakajenga mfumo wa majaribio, System R. Swali likazuka: majedwali haya yanatumiwa na watu wengi, sasa nani amruhusu nani? Neno la siri la mlangoni halikutosha.

Mwaka 1976 Patricia Griffiths na Bradford Wade wakachapisha jibu. Aliyeunda jedwali ndiye mwenye nalo. Kwa amri ya GRANT anampa mwenzake haki ya kusoma, kuongeza au kufuta, na akipenda anampa pia haki ya kuwagawia wengine. Hakuna kumsubiri bosi wa mitambo! Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito.

Kugawa ni rahisi, jamani. Kazi ni kunyang'anya. Tuseme Asha kampa Juma, Juma kampa Neema. Asha akimnyang'anya Juma, Neema naye anakosa. Sawa. Je, kama Neema alishamgawia Juma ruhusa ileile? Watashikiliana kama walevi wawili, kila mmoja akidai kapewa na mwenzake. Ndiyo maana mfumo ulitunza muda wa kila ruhusa: ya Juma iliyotoka kwa Neema ilikuja baadaye, na huwezi kugawa kitu kabla hujakipata. Wote wawili nje.

Hata hivyo mwaka 1978 Ronald Fagin, naye wa IBM, akaonyesha kasoro. Mfumo haukuhesabu ruhusa ya aina moja iliyotolewa mara mbili na mtu yuleyule, hivyo uliweza kumfungia mlango mtu mwenye haki yake. Dawa yake: tunza kila ugawaji na muda wake.

Kichekesho ni kwamba kiwango cha kwanza cha SQL, cha 1986, kilikuwa na GRANT bila REVOKE. Amri ya kunyang'anya iliingia kwenye kiwango cha 1992, ikimtaka mnyang'anyi achague: ruhusa zote zilizotokana na ile zifutwe, au amri ikataliwe kama zipo.