Kasongo Kabla ya Mawakili

Ukitaka kujua nani alitunga sheria Kasongo, mji wa Maniema mashariki mwa Kongo, uliza kwanza nani alikata mashauri. Kwa muda mrefu alikuwa mtu mmoja.

Tippu Tip alipojikita hapo katika miaka ya 1870, neno la mwisho lilikuwa lake. Alipoondoka likawa la mwanawe, Sefu. Februari 1887, huko Zanzibar, Tippu Tip alitia saini mkataba uliomfanya gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Mfanyabiashara wa pembe akawa serikali, bila kuacha pembe. Aprili 1893 askari wa Dhanis, kamanda wa Leopold, wakaitwaa Kasongo, na Bula Matari, yaani dola ya kikoloni, akakalia kiti.

Amri ya Wabelgiji ya tarehe 15 Aprili 1926 ndiyo iliyoacha alama ndefu. Iliyapa mabaraza ya machifu mamlaka ya kuhukumu kwa mila, chini ya jicho la mtawala wa teritwari. Wazee walisikiliza, karani akaandika, na mwenye shauri alijisemea mwenyewe au akasemewa na nduguye. Wakili hakuwa na nafasi pale. Na chifu huyo huyo ndiye aliyekusanya kodi na kuhimiza pamba ya lazima. Ukionewa naye, umshitaki kwa nani?

Ndiyo maana uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 uliikuta nchi nzima haina wakili Mkongomani. Marcel Lihau, ambaye mwaka 1968 angekuwa rais wa kwanza wa Mahakama Kuu, alikuwa bado akisoma sheria Ubelgiji. Siasa ilishikwa na watu wa kalamu nyingine: Lumumba, ambaye chama chake kilipendwa sana Maniema, alikuwa karani wa posta Stanleyville.

Desturi hiyo ya siasa bila wanasheria haikufa upesi. Emmanuel Ramazani Shadary, aliyezaliwa Kasongo mwaka ule ule wa uhuru na kuwa mbunge wa Kabambare, alisomea sayansi ya siasa, si sheria. Hilo halikumzuia kuwa naibu waziri mkuu mwenye dhamana ya mambo ya ndani, wala kugombea urais mwaka 2018, akashika nafasi ya tatu.

Mwanasheria aliyefika juu zaidi bungeni kwa tiketi ya Maniema ni Alexis Thambwe Mwamba. Alionja uwaziri tangu enzi za Mobutu, akashika Mambo ya Nje, kisha Sheria. Kiti cha juu bungeni kilikuja baadaye. Kwa maoni yangu, hata kwake serikali ilitangulia bunge, kama ilivyokuwa Kasongo ya zamani. Julai 2019 alichaguliwa rais wa Seneti. Tarehe 5 Februari 2021, kabla wenzake hawajapiga kura ya kumwondoa, alijiuzulu.