Zeze la Babu na Msasa Wangu

Wapenzi wasikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, wiki hii naomba mniwie radhi. Siku zote nimezoea kuwanyoshea wengine kidole: mara mnunuzi wa pamba, mara mkandarasi wa barabara. Leo mshitakiwa ni mimi. Nimeharibu kitu cha babu yangu, na nimekiharibu kwa nia njema kabisa.

Babu mzaa mama alikuwa akiishi kijijini, mwendo wa baiskeli kutoka Bariadi mjini. Alipofariki, na baada ya matanga, wajomba walinikabidhi zeze lake. Walisema, “Wewe ndiye mtu wa redio, mambo ya sauti ni yako.” Lilikuwa limening'inia juu ya jiko miaka mingi, jeusi kwa masizi, uzi umekatika, kibuyu kimelegea. Nikalichukua kwa furaha, nikalipeleka nyumbani mjini, na Jumamosi iliyofuata nikatoa ndoo ya maji, sabuni ya kufulia na kipande cha msasa. Nilitaka ling'ae. Nilikuwa tayari nimeshanunua na kopo la vanishi.

Kabla sijaeleza yaliyonikuta, ni vema tukaelewana juu ya chombo chenyewe, maana vijana wengi wakisikia zeze hukumbuka lile la Wagogo, ambalo marehemu Hukwe Zawose alilitangaza duniani hadi kifo chake mwaka 2003. Lile hupigwa kwa upinde mdogo. Hili ninalosema mimi hupigwa kwa kidole. Ni ubao mwembamba uliosimamishwa kwa ubavu, na upande mmoja una nundu tatu zilizochongwa kutoka kwenye mti huohuo. Chini yake hufungwa nusu ya kibuyu. Uzi mmoja hupita juu ya nundu, na mwingine hupita ubavuni, ukitoa sauti ileile moja wakati wote kama mwitikiaji. Mpigaji hukiegemeza kibuyu kifuani. Akikibana, sauti hujifungia. Akikiachia, sauti hufunguka.

Chombo hiki si cha jana. Mzungu Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwaka 1857, alilitaja zeze katika kitabu chake cha mwaka 1860 na kulifananisha na banjo. Tena limesafiri kuliko wengi wetu. Nenda Madagaska, utalikuta likiitwa jejy. Nenda Shelisheli, utalikuta likiitwa zez. Waliolivusha bahari ni mabaharia, wafanyabiashara na watumwa, watu ambao majina yao hayakuandikwa popote, lakini jina la chombo chao limebaki hadi leo.

Wengine wamebahatika kuandikiwa historia hiyo. Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu, visiwani Hawaii, ikiwa imebeba Wareno kutoka kisiwa cha Madeira waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Wakaanza kuchonga kigitaa kidogo cha kwao kwa kutumia mti wa Hawaii uitwao koa. Mfalme Kalakaua akakipenda, akakipa nafasi katika karamu za ikulu yake, na wenyeji wakakiita ukulele. Leo ukulele wa zamani ni mali. Na wanaozitengeneza zile kuukuu wana kanuni moja: usipake rangi mpya, usikwangue ya zamani. Futa vumbi kwa kitambaa laini. Hata gundi wanayoitumia ni ile ya kuchemsha ngozi za wanyama, ambayo ikipata joto na unyevu huachia, ili fundi wa kesho aweze kukifungua alichokifunga fundi wa leo.

Ndugu msomaji, haya yote nimeyasoma baada ya kosa.

Jumamosi ile nilianza na sabuni. Masizi yakatoka, nikafurahi. Nikafika kwenye nundu, nikaona juu yake kuna vijia vyembamba, kama vimekatwa kwa wembe. Nikaona vinaharibu sura. Nikashika msasa, nikaisugua nundu ya kwanza mpaka ikawa laini kama ukucha. Nilipotaka kuhamia ya pili, simu ikaita, nikaitwa studio. Kwa hakika simu ile ndiyo iliyoziokoa nundu mbili zilizobaki.

Wiki iliyofuata nikalipeleka zeze kwa rafiki yake babu, mzee wa karibu miaka 90, ambaye macho yake hayaoni vizuri tena. Nilimsalimu, “Mwangaluka, babu,” akaniitikia, akalipokea, akaanza kulisoma kwa vidole. Alipofika kwenye nundu ya kwanza akanyamaza. Akaipapasa tena. Kisha akaniuliza, “Mjukuu wangu, hapa nani amepita?”

Nikasema ni mimi, nilikuwa nasafisha.

“Masizi yalikuwa uchafu,” akasema. “Hii haikuwa uchafu. Hii ilikuwa kazi ya mwenzangu.”

Vile vijia, wasikilizaji, vilikuwa vimechimbwa na waya wenyewe, ukibanwa na kidole cha babu mahali palepale usiku baada ya usiku, miaka zaidi ya 40. Na hasara haikuwa ya macho tu. Tulipofunga uzi mpya, uliochambuliwa kutoka waya wa breki ya baiskeli kama zamani, mzee akabana nundu ya kwanza. Badala ya sauti yake, ikatoka sauti ya nundu ya pili. Kwa kuwa niliipunguza ya kwanza, uzi sasa ulikuwa ukiinama na kugusa ya pili. Zeze lenye sauti nne, yaani ile ya uzi mtupu na tatu za nundu, nililigeuza kuwa la sauti tatu.

Hata masizi nayo, mzee alinieleza, hayakuwa adui. Chombo huning'inizwa juu ya jiko makusudi, kwa sababu moshi hufukuza bungua, na joto hukausha kibuyu. Kumbe babu hakuwa amelitelekeza zeze lake. Alikuwa amelihifadhi.

Na hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwa sababu zeze lile lilishapita katika mengi. Mama alinisimulia kwamba mwaka 1974, wakati wa operesheni ya vijiji, eneo letu likiwa bado sehemu ya mkoa wa Shinyanga kabla ya Simiyu kuanzishwa mwaka 2012, babu alihama na vichache: sufuria, majembe, mbegu, na zeze likiwa limeviringishwa ndani ya blanketi. Likavuka operesheni salama. Lilikuja kukwama kwangu, msomi mwenye stashahada.

Tufanyeje? Mimi nilishauri tuzipunguze na zile nundu mbili nyingine ili zote zilingane. Mzee akakataa katakata. “Umeshapunguza, unataka kupunguza tena?” Akamwagiza mjukuu wake alete kipande cha pembe ya ng'ombe. Wakachonga kibamba chembamba, wakakibandika juu ya nundu ya kwanza kwa utomvu wa mti. Kisingekaa vizuri, kingebanduliwa na kuchongwa kingine. Kilichoongezwa huondolewa, kilichoondolewa hakirudi.

Katika kazi yetu ya utangazaji tunalijua jambo hili, ingawa tunalisahau. BBC ya Uingereza, pamoja na ukubwa wake, katika miaka ya 1960 na 1970 ilifuta kanda nyingi ili izitumie tena, na leo inatafuta kwa watu binafsi nakala za vipindi vyake yenyewe. Na sisi tunapaswa kuwashukuru waliotangulia kuhifadhi. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na mashine yake akirekodi muziki, na Usukuma haukuachwa. Pale Bujora, karibu na Mwanza, padri Mkanada David Clement, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alianza kukusanya vyombo vya utamaduni, na ngoma za watemi zikapata pa kukaa baada ya utawala wao kufutwa mwaka 1963. Lakini makumbusho haiwezi kuingia katika kila jiko la Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Huko waangalizi ni sisi wenyewe.

Kwa hiyo naomba. Ukirithi zeze, ndono, au marimba ya mjomba, usianze na ndoo ya maji. Anza na mzee anayejua lilivyokuwa likipigwa, wakati bado yupo. Mwombe alipige, umrekodi kwa simu yako, hata kama mikono inatetemeka. Kisha ndipo ufute vumbi, kwa kitambaa kikavu.

Zeze la babu sasa linapigika. Nundu ya kwanza, yenye pembe, ina sauti kali kidogo kuliko wenzake, na kila nikiisikia najua ni yangu. Mzee alilipiga jioni ile mpaka giza likaingia, nami nikarekodi. Kisha nikaomba ruhusa, nikalirudisha kijijini, likaning'inizwa juu ya jiko la mjomba. Vanishi nimeipaka kwenye mlango.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.