Kutoka Tembe hadi Bati: Hesabu ya Nyumba Zetu Manyoni



Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikishika vitabu vya chama chetu. Kazi yangu huku mjini ni uhasibu, na mhasibu hasahau risiti. Ipo moja ambayo haijanitoka akilini. Ni ya jengo la shule tulilolichangia wote, na katikati ya mistari ya saruji, misumari na mbao, umo mstari huu: "Kuni za kuchomea matofali, malori mawili." Niliupitisha bila kuuliza. Baadaye nilikwenda kuliona jengo, nikapita njia niliyochungia mbuzi nikiwa mtoto. Kichaka tulichokuwa tukijikinga nacho jua la mchana hakikuwepo tena. Jengo ni zuri na watoto wanasoma ndani yake. Hata hivyo, nilijua kwamba kile kichaka, au kingine kama hicho, kimo kwenye vitabu vyangu upande wa matumizi, na hakuna mahali nilipoandika thamani yake.

Ndiyo sababu mwaka huu, kabla ya taarifa ya fedha, nimeomba nafasi ya kuandika historia fupi ya nyumba zetu.

Wazee wetu walijenga tembe. Kwa vijana waliozaliwa mjini: tembe ni nyumba ndefu na fupi kimo, ukuta wake wa miti iliyosukwa na kukandikwa udongo, paa lake tambarare, lililobebwa na nguzo za panda na kufunikwa udongo mzito. Vyumba vilizunguka ua, na ng'ombe walilala katikati. Juu ya paa walianika mtama na maboga. Kwa Wagogo, na kwa majirani zetu Wanyaturu na Wakimbu pia, nyumba ya namna hii ilitokana na nchi yenyewe: jua kali, upepo wa kiangazi usio na kizuizi, usiku wa baridi mwezi wa saba, na mvua ya msimu mmoja tu. Bibi yangu mzaa mama aliishi ndani ya tembe hadi uzee wake. Ninachokumbuka zaidi ni ule ubaridi ukiingia saa nane mchana, wakati huku nje mchanga unaunguza nyayo.

Wageni walioandika habari za nchi hii walizikuta tembe hizo. Misafara ya pwani iendayo Tabora ilipita Ugogo, kisha ikakabili pori la Mgunda Mkali, ambalo sehemu yake kubwa ndiyo Manyoni na Itigi ya leo. Burton alipita mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Wote walilalamikia hongo waliyotozwa na watemi wa Ugogo. Sisi tunaweza kuisoma habari hiyo kwa jicho lingine. Maji yalikuwa machache, visima vilichimbwa kwa mikono ya wenyeji, na msafara wa mamia ya watu ungeweza kuvikausha kwa siku moja. Wazee walijua kwamba kila kinachotumiwa kina mwenyewe na kina gharama.

Nisiseme uongo ili kuwapamba wazee. Tembe nayo ilikula miti, na mingi: nguzo, mapau, fito. Lakini watu walikuwa wachache na kaya zilikaa mbalimbali. Kaya ikihama, pori lilipata miaka ya kurudi.

Hali ilianza kubadilika kwa reli. Wajerumani, ambao makao yao ya utawala kwetu yalikuwa Kilimatinde, pale ukingoni mwa Bonde la Ufa, waliianza Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Manyoni ikawa stesheni, na stesheni ikazaa mji. Treni ilileta bati na saruji. Taratibu, nyumba ya bati ikawa alama ya mtu aliyeendelea.

Badiliko kubwa kuliko yote lilikuja na vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kila mtu wa shamba awe anaishi kijijini. Wengi wenu mlizaliwa kwenye vijiji hivyo, na shule na zahanati tulizopata hatuwezi kuzibeza. Lakini tembe yenye ua wa ng'ombe haikuenea kwenye kiwanja kilichopimwa kwa mstari. Kampeni za "nyumba bora" zilihimiza kuta zilizonyooka, madirisha na paa la mgongo. Kwa afya, dirisha lilikuwa jambo jema. Upande wa pili wa hesabu ni kwamba kaya zilizokuwa zimetawanyika sasa zilikata kuni na miti ya kujengea mahali pamoja, na kila mwaka kina mama wakatembea mbali zaidi. Hata serikali iliuona upungufu huo mapema: mwaka 1980 redioni kulikuwa na kampeni ya "Misitu ni Mali".

Kisha likaja tofali la kuchoma. Lilitupa ukuta imara usioliwa na mchwa, na kila aliyetoka kijijini kwenda kutafuta maisha alitamani kumjengea mama yake nyumba ya tofali hilo. Mimi pia nilifanya hivyo. Lakini tanuri halichagui mti. Na kwetu pori halirudi haraka. Kichaka cha Itigi ni uoto wa pekee: ukiacha huku kwetu, aina yake ipo tu kule mpakani mwa Zambia na Kongo, karibu na Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru. Ni uoto huo na misitu iliyo jirani nao unaolisha nyuki wetu. Asali ya Manyoni na Itigi tunayojivunia kuwapelekea wakwe zetu Dar es Salaam inaanzia hapo.

Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Ni jambo la kuungwa mkono. Lakini mama akishapata gesi ya kupikia ugali, sisi tutaendelea kupika matofali kwa kuni mpaka lini?

Njia nyingine ipo, na si ngeni. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukifundisha matofali ya udongo na saruji yanayofungamana. Udongo mwekundu wenye mchanga kiasi, si ule mweusi wa mbugani, huchanganywa na saruji, takribani sehemu moja kwa kumi kulingana na udongo wenyewe. Hushindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha tofali hufunikwa na kumwagiliwa kwa siku kadhaa hadi likomae. Halichomwi. Saruji yenyewe ilichomwa kiwandani, hilo nalijua, lakini ni kidogo, na halihitaji lori la kuni kutoka Manyoni.

Sasa maji. Paa la udongo halikuwa la kukingia maji safi. Bati ni la kukingia, na sisi tunayaacha yachimbe makorongo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya walimu tunayoichangia mwaka huu ina paa la mita za mraba 120. Mvua ikiwa milimita 500 tu, hizo ni lita 60,000. Toa moja ya tano kwa upotevu, zinabaki 48,000, yaani ndoo 2,400 za lita 20. Tenki la lita 10,000 likijaa mwishoni mwa mvua linampa mwalimu ndoo mbili kila siku kwa miezi saba ya kiangazi, na kidogo hubaki.

Ndugu zangu, ombi langu ni kwamba nyumba hii ijengwe kwa matofali yasiyochomwa, iwekewe mifereji na tenki tangu siku ya kwanza, na mashine ya kufyatulia matofali ibaki kuwa mali ya kijiji ili hata mwenye kipato kidogo aitumie. Anayeweza kutoa mfuko mmoja wa saruji atoe. Anayeweza kununua tenki zima, Mungu ambariki.

Nikija tena mbele yenu na vitabu mwakani, natamani mstari wa kuni usomeke sifuri.

Karibuni tuchangie.