Nafasi Kwenye Benchi: Munich, Bia na Historia ya Mgeni

"Samahani, hapa pana nafasi?" Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya Kijerumani iliyonifaa mjini Munich. Nilifundishwa na mwenyeji wangu, mhadhiri mwenzangu, tulipokuwa tukikatiza uwanja wa Theresienwiese kuelekea mahema ya Oktoberfest. Alinionya kwamba nisitafute meza tupu, kwani sitaipata, na hata nikiipata haitabaki yangu. Ndani ya hema kuna meza ndefu za mbao na mabenchi yasiyo na egemeo. Unauliza, watu wanasogea, unakaa. Kuanzia hapo umekuwa mtu wa meza ile.

Mimi si mnywaji. Niliagiza maji ya tufaha, yakaletwa katika bilauri kubwa, na mzee aliyekaa kushoto kwangu akaigonga kwa bilauri yake ya lita moja bila kujali kilichokuwa ndani. Bendi ya matarumbeta ilipopiga ule wimbo wa kutakiana afya, ambao hurudiwa mara nyingi mpaka mgeni anaukariri, mkono wa mzee ulikuwa tayari begani kwangu. Mbele yetu walikaa vijana watatu kutoka kaskazini mwa Ujerumani na mama mmoja Mwitaliano na bintiye. Kabla ya saa moja kupita nilikuwa nimeonyeshwa picha za wajukuu, nimeulizwa habari za Kilimanjaro, na nimepewa nusu ya kuku wa kuchoma wa mtu nisiyejua jina lake.

Wenzetu wengi waliowahi kusoma Ulaya wana maelezo mepesi ya jambo hili: Mjerumani ni mtu aliyejifunga, lakini akinywa hufunguka. Siyakubali. Bia hiyo hiyo hunywewa na mtu aliyejifungia chumbani peke yake, wala haimpatii rafiki. Kilichonikalisha mimi na yule mzee begani kwa begani ni benchi, na benchi lile lina historia yenye sheria, amri za wafalme na ugomvi wa wafanyabiashara.

Tuanzie mwaka 1553. Katika karne ile watawala wa Bavaria walikataza kupika bia wakati wa joto, kuanzia siku ya Mtakatifu George, mwezi Aprili, hadi siku ya Mtakatifu Mikaeli, mwishoni mwa Septemba. Mitambo ya kupikia ilikuwa ikisababisha moto mijini, na bia iliyopikwa kiangazi iliharibika upesi. Kwa hiyo wapishi wa bia walilazimika kupika nyingi mwezi Machi na kuihifadhi. Wakachimba maghala ya chini ya ardhi karibu na mto Isar, wakayajaza barafu iliyokatwa wakati wa baridi, na juu yake wakamwaga changarawe na kupanda miti yenye majani mapana ili jua lisiipashe ardhi joto. Walitaka bia ipoe tu. Lakini penye kivuli na kinywaji baridi watu hawakosi kufika, na muda si muda wakazi wa Munich wakawa wanateremka mtoni kunywea pale pale ghalani.

Wenye migahawa na nyumba za wageni walilalamika kwamba wanaporwa wateja. Mfalme Maximilian wa Kwanza akatoa amri tarehe 4 Januari 1812: wapishi wa bia waruhusiwe kuuza bia yao maghalani kuanzia Juni hadi Septemba, lakini wasiuze chakula chochote isipokuwa mkate. Kila upande ulipata kidogo na kukosa kidogo. Wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma watazame matokeo ya kifungu kile kidogo. Kwa kuwa chakula hakikuuzwa, watu walikuja na vikapu vyao, fundi na mkate wake, karani na jibini yake, na jaji na nyama yake. Mtu mwenye kikapu hahitaji kuhudumiwa, anahitaji mahali pa kukitua tu. Ndivyo meza ndefu isiyo na mwenyewe ilivyogeuka kuwa desturi, na desturi ikageuka kuwa haki. Hadi leo, katika bustani za bia za Bavaria, mtu anaruhusiwa kuja na chakula chake na kununua kinywaji peke yake. Mwaka 1995, baada ya malalamiko ya majirani kutishia kuzifunga bustani hizo mapema jioni, maelfu ya watu waliandamana mjini Munich, na serikali ya jimbo ikalazimika kutunga kanuni maalumu ya kuzilinda. Nimewahi kusimulia kisa hiki darasani na wanafunzi wakacheka: kuandamana kwa ajili ya mahali pa kukaa! Niliwauliza ni lini wao walikaa bure mjini, mahali penye kivuli, pasi na kufukuzwa na mgambo. Kicheko kikapungua.

Sherehe yenyewe ya Oktoberfest ina asili nyingine, na ni ya kisiasa waziwazi. Tarehe 12 Oktoba 1810 Ludwig, mrithi wa kiti cha ufalme wa Bavaria, alimwoa Therese, binti wa ukoo mtawala wa Sachsen-Hildburghausen. Siku tano baadaye zikafanyika mbio za farasi katika uwanja nje ya lango la mji, na uwanja ukapewa jina la bibi harusi. Ufalme wenyewe ulikuwa na umri wa miaka minne tu. Ulitangazwa tarehe 1 Januari 1806 chini ya kivuli cha Napoleon, ukiwa umemeza maeneo ambayo watu wake hawakujiona kuwa Wabavaria, wengi wao wakiwa Waprotestanti katika nchi ya Kikatoliki. Harusi ilikuwa fursa ya kuwakusanya raia hao wapya na kuwaambia kwamba wao ni taifa moja. Watoto waliovalia mavazi ya sehemu mbalimbali za ufalme waliandamana mbele ya ukoo wa kifalme. Msomaji aliyekulia katika nchi zetu, aliyepangwa mstari na kuimba kiongozi anapopita, anaujua utaratibu huo bila kufafanuliwa. Mwaka uliofuata yakaongezwa maonyesho ya kilimo, kama Nane Nane yetu. Bia ilichukua nafasi ya mbele baadaye tu.

Therese mwenyewe alikuwa mgeni. Alitoka katika dola ndogo, akaolewa katika nyumba ya Kikatoliki, na akabaki Mlutheri mpaka kufa kwake. Alifariki Munich mwaka 1854 katika mlipuko wa kipindupindu, ule ule uliosababisha sherehe ya mwaka huo kufutwa. Mamilioni ya watu wanaomiminika kila mwaka uwanjani pale wanakanyaga ardhi yenye jina la mwanamke aliyekuja kutoka kwingine na mwenye dhehebu lingine.

Laiti historia ingeishia hapo, ningeandika sifa tupu. Mwaka 1885 taa za umeme ziliwaka Oktoberfest kwa mara ya kwanza, na kampuni iliyoziwasha ilikuwa ya familia ya Kiyahudi ya mjini Munich, yaani baba na baba mdogo wa Albert Einstein, ambaye wakati huo alikuwa mtoto mdogo. Miaka 48 baadaye, mwaka 1933, Wayahudi walipigwa marufuku kufanya kazi katika sherehe hiyo. Uwanja ulikuwa ule ule, na wimbo uliendelea. Tena mwaka 1980, usiku wa tarehe 26 Septemba, kijana mwenye itikadi ya mrengo mkali wa kulia alitega bomu kwenye lango kuu. Watu 12 waliuawa pamoja naye, na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Ilipita miaka 40 kabla ya ofisi ya mwendesha mashtaka mkuu kutamka rasmi kwamba lilikuwa shambulio la kisiasa.

Na yapo yanayotuhusu sisi. Mwaka 1910, sherehe ilipotimiza miaka 100, miongoni mwa vivutio vyake walikuwamo watu wa Samoa, wakati huo koloni la Ujerumani. Kiongozi wao, Tamasese, alijiona yuko katika ziara ya mkuu anayewatembelea wakuu wenzake. Wenye hema walimwona kuwa bidhaa, na umma ulilipa kiingilio kumtazama. Huo haukuwa mkasa wa Munich peke yake. Mwaka 1896, katika maonyesho ya Treptow mjini Berlin, zaidi ya watu 100 kutoka makoloni ya Ujerumani, wakiwamo watu wa pwani yetu na Wamasai, waliwekwa kwenye vijiji vya kuigiza ili watazamwe. Kwenye benchi, mgeni huulizwa jina. Nyuma ya kamba, huandikiwa kibao.

Nikiwa nimekaa pale nilimkumbuka Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mhadhiri kama mimi, aliyefika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Ndiye ambaye maandishi yake ndiyo msingi wa kitabu cha *Desturi za Wasuaheli*, kilichochapishwa mwaka 1903. Alimwoa mwanamke wa Berlin. Baadhi ya wanafunzi wake, maofisa waliojiandaa kuja kututawala, hawakutaka kumheshimu Mwafrika kama mwalimu wao, na mwaka 1905 aliacha kazi. Alipojaribu kurudi nyumbani na mkewe, serikali ya koloni ilikataa wasiishi huko kama mume na mke. Akarejea Ujerumani, akaishi kwa kuzunguka akitoa mihadhara. Huyu alikuwa na marafiki Wajerumani, alikuwa na mke Mjerumani, na lugha aliijua. Urafiki wa mtu na mtu aliupata, lakini nafasi ilikuwa mikononi mwa ofisi.

Siku hizi ofisi inayogawa nafasi imebadilika sura. Sehemu kubwa ya meza katika mahema hushikwa mapema na makampuni na wateja wa miaka mingi, na halmashauri ya jiji imelazimika kuagiza kwamba kiasi fulani cha mabenchi kibaki wazi kwa wanaofika bila miadi. Mwenyeji wangu alinipeleka mchana wa siku ya kazi kwa sababu hiyo. Tungefika Jumamosi jioni, alisema, tungeishia mlangoni, na leo ningekuwa nikiandika makala nyingine.

Yule mzee aliniuliza tena nchi yangu, maana kelele zilikuwa nyingi. Nikamtajia Tanzania, halafu, kwa kuwa hakuonekana kuridhika, nikataja Dar es Salaam, Tanga na Usambara. Kwa Usambara alishtuka. Alisema anaishi mashariki mwa jiji, karibu na mtaa wenye jina hilo, na kwamba kwa maisha yake yote alidhani ni jina la ua. Hakukosea sana, kwa kuwa lipo ua la nyumbani ambalo Wajerumani huliita urujuani wa Usambara. Nikamweleza kwamba ni milima, na kwamba mitaa ya pale kwao ilipewa majina ya makoloni. Akatulia. Kisha akasema kwamba palikuwa na mtaa mwingine wa jenerali, ambao jiji liliubadilisha na kuuita Hererostraße, na kwamba yeye alikuwa miongoni mwa waliopinga, kwa sababu ya usumbufu wa kubadilisha anwani.

"Jenerali huyo alifanya nini?" akaniuliza.

Matarumbeta yalikuwa yameanza tena. Nikamsogelea sikioni, nikaanza kumsimulia habari za von Trotha na jangwa la Omaheke, na yeye akaweka bilauri yake chini.