Kopo la Kimbo Chini ya Mlima

Sokoni Kagio, Kirinyaga, maharagwe na mchele wa Mwea bado hupimwa kwa gorogoro, na mara nyingi gorogoro yenyewe ni kopo kuukuu la kilo mbili lililowahi kujaa mafuta ya kupikia. Mafuta yaliliwa zamani, kopo likabaki kazini.

Wazee wa Kirinyaga hawakukulia mafuta hayo. Walikula viazi vitamu, njahi, mtama na ndizi za kuchemsha au kuchoma. Mbarika ilikamuliwa, lakini mafuta yake yalipakwa mwilini. Ya kuliwa yalitoka kwa mnyama, na kondoo hachinjwi kila siku. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha ripoti iliyolinganisha Wakikuyu na Wamasai: hawa wa nafaka na viazi, wale wa maziwa, nyama na damu. Wamasai walionekana warefu na wazito zaidi. Habari za moyo hazikuwashughulisha watafiti hao.

Zilikuja kuwashughulisha wengine miaka ya 1950, Ancel Keys wa Marekani aliposhikilia kwamba mafuta ya wanyama hupandisha kolesteroli na kuua. Basi mbona wafugaji wetu hawafi? A. G. Shaper, aliyekuwa Makerere, aliwapima Wasamburu, majirani wa kaskazini ya Mlima Kenya, akachapisha matokeo mwaka 1962: maziwa tele, kolesteroli chini. Miaka miwili baadaye mtafiti George Mann aliona hayo hayo kwa Wamasai wa Tanganyika. Kisha, mwaka 1972, uchunguzi wa mioyo ya Wamasai 50 waliofariki ukaharibu hadithi tamu. Mishipa ilikuwa na utando wa mafuta, ila ilikuwa mipana, damu ikapita. Mann aliwapa sifa miguu yao. Wanaotetea nyama choma kwa mfano wa Mmasai husahau kutaja zile kilomita alizotembea.

Huku kwetu mambo yaliamuliwa kiwandani. Wilhelm Normann, Mjerumani, alikuwa amepata hataza mwaka 1902 ya kugandisha mafuta ya maji kwa haidrojeni. East Africa Industries ya Nairobi ikajaza maduka mafuta ya Kimbo na Cowboy. Baadaye majina hayo yakanunuliwa na Bidco, kampuni iliyoanza mwaka 1970 kwa kushona nguo mjini Nyeri.

Mwaka 1990 Mensink na Katan, watafiti wa Uholanzi, walionyesha kwamba mafuta ya transi, yanayozaliwa ugandishaji ukiachwa nusu njia, hupandisha kolesteroli mbaya na kushusha nzuri. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likataka yaondolewe kote ifikapo 2023. Mawese yanaweza kuchukua nafasi yake, maana huganda bila haidrojeni, lakini karibu nusu yake ni asidi za mafuta zilizoshiba, ambazo nazo hupandisha kolesteroli mbaya.

Mafuta ya kupima ya kioski hayana lebo. Kabla ya kukaanga chapati, mwombe mwenye duka akuonyeshe katoni yalimotoka, usome kilichoandikwa.