Arosto

Arosto ni hali inayompata mtumiaji wa heroini unga unapomwishia mwilini: makamasi na machozi humtoka, hupiga miayo mfululizo, mifupa humuuma, huhara, na usingizi humpaa. Neno ni la vijiweni, lakini lina nguvu kuliko “dalili za kuacha” za vitabuni, kwani aliyekosa pesa ya kete hajaacha chochote, na mateso ni yale yale.

Methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, hushika vipokezi vile vile vya ubongo vinavyoshikwa na heroini, ila polepole. Dozi moja huzuia arosto kwa takriban siku nzima, na kipimo kikiwa sawa mgonjwa halewi. Tanzania ilianza kuitoa katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Kenya ikafuata katika hospitali ya Mathari mwishoni mwa 2014, kisha Malindi 2015.

Kwa kawaida dawa hiyo ya maji hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kwa mkazi wa Malindi ni mwendo mfupi. Kwa wa kijiji cha Kulesa ni kupitia Garsen, zaidi ya kilomita 100 kwenda tu, na mto Tana ukifurika barabara hukatika. Akikosa dozi, arosto hurudi: huchelewa kuanza kuliko ya heroini, lakini hukaa siku nyingi zaidi.